Mabwawa Yaliyoachiwa Chumvi

Somo la wiki: Ezekieli 47:1–12

Wengi wetu tunaipenda sura hii kwa sababu ya mto. Maji yanatoka chini ya kizingiti cha Hekalu, yanafika vifundoni, magotini, kiunoni, hadi yanakuwa mto usiovukika ila kwa kuogelea. Yanateremka Araba, yanaingia Bahari ya Chumvi, na kila yanapopita uhai unachipuka. Wavuvi wanaanika nyavu toka En-gedi hadi En-eglaimu. Miti ya ukingoni inazaa kila mwezi na majani yake ni dawa. Mahubiri ya mto huo nimeyasikia tangu utoto na nimeyahubiri mwenyewe. Lakini katikati ya furaha hiyo upo mstari wa 11, ambao kwa kawaida tunaupita mbio. Nabii anasema kwamba matope na mabwawa ya pembeni hayataponywa. Yameachiwa chumvi.

Nimerudi kwenye mstari huo kwa sababu Jumamosi tulikwenda Bagamoyo na vijana wa usharika, kwa matembezi ya Kwaresima, na safari hii hatukuishia kwenye magofu ya Kaole na makumbusho ya Misheni kama ilivyozoeleka. Tuliupita mji tukaelekea kaskazini hadi Nunge, kwenye mashamba ya chumvi ya siku nyingi, upande wa kwenda mahali Mto Ruvu unapoingia baharini. Wageni wa mji huo mara nyingi hawafiki huko. Hakuna gofu la kupigia picha. Kuna matuta ya udongo, maji yaliyotulia, marundo meupe, na jua.

Kwanza niwaeleze ardhi yenyewe ilivyo, maana bila hiyo Ezekieli hataeleweka. Ukitoka baharini unakutana na mikoko: mlilana mbele kabisa, halafu mkoko wenyewe uliosimama juu ya mizizi yake, halafu mkandaa, halafu mchu. Nyuma ya mchu miti inakatika ghafla na unatokea kwenye uwanja mtupu. Maji ya kila siku hayafiki pale. Yanafika wakati wa bamvua tu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Bahari inapanda, inaufunika uwanja, kisha inarudi na kuacha madimbwi. Jua linayakausha, chumvi inabaki, na bamvua linalofuata linaongeza nyingine juu yake. Miaka ikipita hivyo, udongo unakuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe. Hapo mpunga hauoti wala mnazi, na hata mikoko iliyozoea maji ya bahari inashindwa. Mkulima ataiita ardhi iliyolaaniwa, na mahali pengine Biblia nayo inaizungumzia hivyo: Yeremia sura ya 17 na Zaburi ya 107 zinaitaja nchi ya chumvi kama mahali pa adhabu na ukiwa.

Ardhi ya namna hiyo ndiyo watu wa pwani waliyoichagua kwa majaruba yao ya chumvi. Bamvua likija wanafungua mlango wa maji, bahari inaingia kwenye bwawa la kwanza, mlango unafungwa. Kuanzia hapo kazi ni ya jua na upepo, na ya mtu anayejua saa ya kuyahamisha maji kutoka bwawa hadi bwawa. Katika lita 1,000 za maji ya bahari kuna kama kilo 35 za chumvichumvi za kila aina, na kama kilo 27 kati ya hizo ndizo chumvi tunayotia kwenye mboga. Ustadi wote wa shamba la chumvi ni kuitenga hiyo na nyingine. Chokaa na jasi huganda mapema, kwa hiyo huachwa kwenye mabwawa ya mwanzo. Maji yakishapungua yakabaki kama sehemu moja ya kumi ya yalivyoingia, yanapelekwa kwenye majaruba ya mwisho, yenye kina kifupi, na hapo chumvi inaanza kuonekana.

Nilichuchumaa kando ya jaruba moja nitazame. Kaskazi ilikuwa imetulia kidogo na juu ya maji ulitanda utando mwembamba. Nilipoinama zaidi niliona kwamba utando ule ni vipande vidogo vya pembe nne, vimebonyea katikati, vinaelea vimeshikana kingo kwa kingo. Kimoja kikikua kinazidiwa na uzito wake, kinazama polepole na kutua chini penye vingine. Nikachovya kidole nikaonja. Ukali wake ulinifumba macho.

Hatua chache kutoka pale alikuwepo mama mmoja mtu mzima akivuta chumvi kwa reki ya mbao, amevaa mabuti ya mpira na kujifunga kanga hadi chini ya macho, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka kwenye weupe ule unaumiza kuliko jua la utosini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni juani."

Nilimwuliza kwa nini hawaachi maji yote yakauke, wapate chumvi hadi tone la mwisho. Alicheka, akaegemea reki.

"Ukiingiwa na tamaa hiyo unaharibu yote. Maji ya mwisho machungu, baba. Chumvi ikishakaa, tunayaachia yaende zake. Ukichelewa, uchungu unaingia kwenye chumvi, na mteja akionja anakurudishia kiroba chako."

Uchungu anaousema ni wa chumvi za magnesiamu, ambazo huganda baada ya chumvi ya kula. Zikiachwa zichanganyike nayo, chumvi hunyonya unyevu wa hewani na kulowa ndani ya gunia. Kwa hiyo kila mvunaji anayejua kazi yake huyafungulia maji yale kwa wakati, ijapokuwa bado yana chumvi ndani yake.

Maneno ya mama yule sijaweza kuyaacha wiki nzima. Katika huduma nimekutana na watu waliokaushwa na jua la maisha, na jua hilo lilikuwa la kweli. Mjane aliyetolewa nyumbani na ndugu wa mumewe kabla arobaini haijafika. Baba aliyesomesha wadogo zake wote na leo hapokelewi simu. Taabu hiyo iliwapa kitu ambacho sisi wengine hatuna: wanajua kukaa na mfiwa bila kusema maneno mengi, wanamtambua mwenye njaa kabla hajaomba. Hiyo ni chumvi, nami nimeifaidi. Lakini baadhi yao hawakuyafungulia maji ya mwisho. Wanayatunza kwa sababu wanaona kuyaachia ni kusema kwamba hawakuunguzwa. Na mwaka hata mwaka uchungu unaingia kwenye kile kizuri walichokipata, mpaka anayekuja kutafuta faraja kwao anaondoka na sumu.

Hapo hapo nina neno kwa sisi tunaofariji, maana makosa ya upande wa pili ni yetu. Mvunaji akifungua mlango mapema, chumvi haijatua, maji yote yanakwenda na yeye anabaki na tope. Tunapomwambia mtu asamehe na kusahau siku ileile ya maziko, au tunapomketisha mke aliyepigwa mbele ya baraza wamalize haraka ili kanisa lisiaibike, tunafungua mlango kabla ya wakati. Anapoteza hata ile chumvi ambayo mateso yalikuwa yanaianza ndani yake. Kuna saa ya kungoja na kuna saa ya kuachia. Mama wa Nunge haangalii kalenda, anaangalia maji. Wachungaji na wazee wa kanisa tuna wajibu wa kumwangalia mtu hivyo hivyo, tukae naye muda wa kutosha kuona amefika wapi.

Sasa turudi kwa Ezekieli. Kwa nini mto wa Mungu, wenye nguvu ya kuiponya Bahari ya Chumvi nzima, uyaache matope ya pembeni? Wapo wanaolieleza jambo hili kama hukumu, kwamba hata siku za neema watakuwepo waliokataa. Sikubaliani nao, na sababu yangu imo katika kitabu hichohicho. Rudini nyuma sura nne. Katika 43:24, maono yaleyale ya Hekalu jipya, makuhani wanaagizwa wanyunyize chumvi juu ya sadaka ya kuteketezwa. Mambo ya Walawi 2:13 tayari ilikuwa imeagiza kwamba sadaka ya unga isikose chumvi. Hekalu ambalo mto unatoka chini yake linahitaji chumvi kila siku, na chumvi hiyo inatoka kwenye mabwawa ambayo mto haukuyagusa. Yangefanywa matamu yote, kuhani angeinyosha mikono yake juu ya madhabahu bila kitu cha kunyunyiza. Mungu aliyapita mabwawa yale kwa makusudi, akayaacha yalivyo, kwa sababu alikuwa na kazi nayo.

Hili linagusa maombi yetu. Tunaomba kila kitu kiwe kitamu. Tunaye mzee ambaye katika kila kikao cha baraza anauliza fedha za ujenzi zimekwenda wapi, na sauti yake haina asali. Tumemwombea abadilike. Labda tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Tunao waumini wagonjwa ambao tumewawekea mikono mara nyingi nao hawajapona, na katika madhehebu yetu ya siku hizi wanaanza kuonekana watu ambao mto umewapita. Lakini ni kwenye vitanda vyao ndiko vijana wanakokwenda wanapotaka kuombewa na mtu ambaye maombi yake hayakurupuki. Sisemi tuache kuwaombea uponyaji, nitaendelea kuwaombea. Nasema mtu asihesabiwe kuwa nje ya neema kwa sababu eneo fulani la maisha yake limebaki na chumvi.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa chumvi inafanya nini zaidi ya ladha. Nenda soko la samaki la Bagamoyo uone ng'onda: samaki amepasuliwa, ametiwa chumvi, ameanikwa juani, na sasa anaweza kusafiri hadi Dodoma bila barafu. Na mji huo una habari ya chumvi ambayo mara nyingi husimuliwa bila chumvi kutajwa. David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Watu waliokuwa naye, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti. Wakautia mwili chumvi, wakauanika juani kwa siku 14, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaanza safari. Walitembea miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, wakipita katika nchi ambako watu waliogopa maiti na wakawa hawana budi kuficha walichokibeba. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukapokelewa Misheni, kwa mapadri wa Roho Mtakatifu waliokuwa wamefungua kituo hicho mwaka 1868. Tarehe 18 Aprili ulizikwa Westminster Abbey, London, na Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa Nasik huko India, alikuwa mmoja wa waliolisindikiza jeneza hadi kaburini. Wenzake wengi walilipwa ujira wao huku pwani wakatawanyika. Jiwe la kaburi linawasifu waliomleta, lakini majina yao hayamo.

Niliwasimulia vijana habari hiyo pale pale kando ya marundo ya chumvi, na binti mmoja akauliza kwa nini hawakumzika kulekule, ingekuwa rahisi. Ingekuwa rahisi kweli. Waliona kwamba ndugu zake walikuwa na haki ya kumzika, na hawakuwa na mtu wa kuwashurutisha. Aliyekuwa akiwaongoza alikuwa ameshakufa. Bwana Yesu aliposema habari za wanafunzi wake kuwa chumvi, mimi huwafikiria watu hawa kabla ya mhubiri yeyote. Walilitunza jambo lisiharibike hadi lifike kwa wenyewe, halafu wakaenda zao.

Tulipomaliza kuzunguka majaruba tulirudi kupitia ukingo wa mikoko, na hapo nilikawia kuliko nilivyopanga. Kwenye mabwawa ya mwanzo, ambako maji hayajawa makali, ndege wadogo wa mwambao walikuwa wakichokoa matope kwa midomo. Baadhi ya ndege wa jamii hiyo huzaliana kaskazini kabisa ya Siberia na huja kwetu kukimbia baridi, kisha hurudi mwezi wa nne. Wapo pia katika pwani yetu wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanaokula kaa, ambao hutaga ndani ya mashimo ya mchanga visiwani huko Ghuba na Oman. Maji yanapozidi kuwa makali rangi yake hugeuka, yanakuwa na wekundu, kwa sababu ya vijimea na vijidudu vidogo mno vinavyoishi katika chumvi ambayo ingekiua kiumbe kingine. Kaskazini zaidi, Saadani, ambako mashamba ya chumvi yamepakana na Hifadhi ya Taifa, heroe huonekana wakila kwenye maji ya namna hiyo, na waridi la manyoya yao linatokana na chakula chao. Ardhi ambayo mkulima angeiita laana inawalisha ndege wa mabara mawili.

Nilimwambia kijana mmoja achume jani la mchu alilambe. Alisita, akalamba, akashangaa. Upande wa chini wa jani ulikuwa na chembe za chumvi zinazoonekana kwa macho. Mchu hunywa maji ya bahari kwa sababu hauna mengine, na chumvi inayozidi huitoa kupitia majani, ikakauka pale, ikapeperushwa na upepo au kuoshwa na mvua. Ndiyo maana mchu unaweza kusimama mpakani kabisa mwa uwanja ule mtupu ambako miti mingine imekata tamaa.

Na hapa niseme wazi linaloniuma. Uwanja mtupu nyuma ya mikoko ndipo mahali pa chumvi. Mtu anapokata mikoko yenyewe ili kupanua majaruba, au anapochemsha maji ya chumvi kwa kuni za mikoko wakati jua lipo bure, anaondoa mahali ambapo kamba na samaki wadogo hukulia, na anaiachia bahari njia ya kula ufuko. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo ni kosa la sheria. Mimi naliita pia dhambi, kwa sababu mvuvi wa kijiji cha jirani ndiye anayelipa. Ezekieli aliona vyote viwili katika maono mamoja, nyavu zimeanikwa na mabwawa yamebaki na chumvi, na kimoja hakikumnyang'anya mwenzake nafasi. Anayenunua chumvi kwa jumla, na katika usharika wetu wapo, aulize imetoka shamba gani na limechimbwa wapi. Aulize pia kama imetiwa madini joto. Chumvi iliyokaushwa na jua haibaki nayo ya kutosha, na watoto wa bara wanaokosa madini hayo hupata tezi la shingo na kudumaa akili.

Masika yamekaribia. Kwa wavuna chumvi hiyo ina maana kazi inasimama, na mvua moja kubwa ya usiku inaweza kuyeyusha chumvi ya wiki kadhaa iliyolala jarubani ikisubiri reki. Wengi wao ni vibarua. Siku isiyovunwa chumvi haina ujira. Nilipomwambia mama yule kwamba huko kwetu tumeshaanza kuomba mvua, alinyamaza kidogo, akasema anajua, hata yeye ana ndugu Chalinze wanaosubiri kupanda. Kisha akaniomba nimpelekee salamu zake kanisani.

Jumapili tutaomba mvua, kwa sababu mashamba ya ndugu zetu yanaihitaji na mbegu zimeshanunuliwa. Ninaomba kiongozi wa sala awataje pia wavuna chumvi wa Nunge, Saadani na pwani yote, wapate muda wa kumaliza kuvuta chumvi yao na kuingiza magunia ghalani. Mama alisema siku kumi za jua zitamtosha.